Unguja, kisiwa chenye hesabu mbili za siku arobaini

Unguja. Wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano. Ukianza kuhesabu Jumamosi, siku ya mosi, utapita Jumapili, Jumatatu na Jumanne hadi Jumatano, ambayo jina lake linajieleza. Kesho yake ni Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao Jumapili. Hesabu hizo mbili zimekutana katika wiki moja, na hakuna aliyezisawazisha. Watu wa pwani wanaishi nazo, na wengi hawajawahi hata kuliona jambo hilo.

Kwa mgeni, hicho ni kichekesho cha dakika mbili. Kwa mkunga wa Unguja, ni sehemu ya kazi ya kila siku. Hapa namba za nyumbani na namba za hospitali hukutana kwenye mwili wa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke aliyetoka kujifungua.

Mjini, namba zinazosikika zaidi ni za watalii. Anayewatembeza Forodhani hatasahau kuwaambia kwamba tarehe 27 Agosti, 1896 Waingereza waliipiga mizinga kasri ya Sultani, na vita ile ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Wengine husema ilikuwa dakika 38, wengine 45, na ubishi huo unapendwa kuliko vita yenyewe. Wenyeji wana tarehe zao. Muulize bibi kizee wa Ng'ambo umri wake, naye atakujibu kwamba Mapinduzi yalimkuta ana mtoto mgongoni. Yaani Januari 12, 1964 alikuwa tayari mzazi, na anayejaza fomu ya presha atajua mwenyewe namba ya kuandika.

Halafu kuna saa. Unguja iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa nzima. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na huzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kuanza kuhesabu saa ya kwanza baada ya jua kutoka ni akili ya kawaida mahali kama hapa, na wageni wanaoiona saa ya Kiswahili kama fumbo wangefanya hivyohivyo kama wangezaliwa hapa.

Tabu huanza kwenye bahasha ya dawa. Dawa iliyoandikwa 1 × 3 ina maana ya kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na kwa dawa nyingi za kuua vijidudu daktari anataka nafasi ya saa nane kati ya kidonge na kidonge. Nyumbani, mara tatu ni asubuhi, mchana na jioni. Mtu hunywa saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, kisha mwili unakaa saa kumi na mbili bila dawa. Mfamasia akijitahidi kueleza kwamba inywewe "kila saa nane", anaongeza utata mwingine, kwa sababu saa nane ni wakati unaojulikana: ni baada ya chakula cha mchana. Wapo wanaotoka dirishani wakiwa na uhakika kwamba dawa ni ya mchana tu. Mfamasia mwenye uzoefu huziacha namba na kutaja mambo ya nyumbani: ukiamka alfajiri, ukimaliza chakula cha mchana, na kabla hujalala. Nafasi haiwi sawasawa kabisa, lakini dawa inanyweka.

Simu nazo zimeongeza yake. Aliyeambiwa anywe dawa saa mbili usiku akatega kengele ya 2:00 ataamshwa usiku wa manane badala ya kukumbushwa saa 20:00. Kwa anayetumia dawa za kila siku, kama za kufubaza virusi vya Ukimwi au za kifua kikuu, afadhali ampe muuguzi simu amtegee kengele palepale dirishani.

Siku mpya inaanza lini?

Swali hili lina majibu matatu Unguja. Ofisini, tarehe hubadilika saa sita usiku. Kwa saa ya mkononi, hesabu mpya ya mchana huanza saa moja asubuhi. Kwa mila na dini, siku huanza jua linapozama, ndiyo maana wazee wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi usiku.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi ana siku mbili za kuzaliwa. Kadi ya hospitali itaandika Alhamisi. Bibi yake atasema ni mtoto wa Ijumaa na atafurahi mara mbili, kisha ataanza kuhesabu siku ya saba ya akika na kunyoa nywele kutokea hapo. Hakuna aliyekosea. Ila muuguzi akisema "mrudishe siku ya saba" bila kutaja jina la siku na tarehe, nyumbani watamsikia kwa hesabu yao.

Miezi ndiyo inayomtoa jasho mkunga. Mwanamke akifika kliniki kwa mara ya kwanza huulizwa tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, maana ujauzito huhesabiwa kutokea hapo, siku 280 ambazo ni wiki 40. Wasichana waliosoma hufungua simu. Wengine, hasa wa shamba, hujibu kwa miezi ya mwandamo: ilikuwa Mfungo Sita, siku chache baada ya Maulidi. Au, ilikuwa imebaki siku tatu Ramadhani iandame. Ni majibu sahihi kabisa, na pengine ni sahihi kuliko "nadhani tarehe kumi na kitu".

Lakini mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30, na mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko ule wa kalenda ya serikali. Chukua mwanamke aliyeanza hedhi mwezi mosi Mfungo Sita. Akihesabu miezi tisa kwa vidole, Mfungo Sita, Saba, Nane, Tisa, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi na Mfungo Pili, ataona kwamba Mfungo Tatu ukiandama mtoto awe mkononi. Miezi hiyo tisa ni siku 266 tu. Zimebaki siku 14. Tarehe ya makadirio kwa hesabu ya kliniki ni mwezi 15 Mfungo Tatu, siku tano baada ya Idi Kubwa.

Wiki mbili si kitu kwa kalenda, lakini ni nyingi kwa mama mkwe anayehesabu. Huanza maneno kwamba mimba imepitiliza, kwamba mtoto amekataa kushuka, na hapo ndipo hutafutwa dawa za miti za kuharakisha uchungu, zile ambazo wakunga wa hospitali wanaziogopa kwa sababu zinaweza kuleta uchungu mkali usio na mpangilio na hata kuchana mfuko wa uzazi. Mwanamke huyo wakati wote huo yuko katika wiki ya 38, na mimba yake haina tatizo lolote. Hata hiyo tarehe ya makadirio si miadi: watoto wapatao wanne au watano tu kati ya 100 huzaliwa siku hiyohiyo. Waliobaki huja kabla au baada, na wiki moja huku au kule ni jambo la kawaida.

Barabara ya 310

Daladala za Unguja huitwa kwa namba. Mtu hasemi anangoja gari ya Uwanja wa Ndege, anasema anangoja 505. Ya Nungwi ni 116 na ya Jambiani ni 309. Gari ya 310 huenda Makunduchi, kusini mashariki, mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kupitia Tunguu, Jozani na Kitogani, na ndani yake kuna samaki, magunia, wanafunzi na mara nyingi mama mwenye mtoto mchanga aliyefunikwa kanga mpaka puani.

Ukimtazama vizuri utajua mtoto huyo ana zaidi ya siku arobaini. Angekuwa chini ya hapo, yeye na mamaye wangekuwa ndani.

Pwani nzima inaijua arobaini. Mwizi siku zake ni arobaini. Maiti husomewa hitima ya arobaini. Na mzazi, neno ambalo huku kwanza linamaanisha mwanamke aliyetoka kujifungua, hukaa arobaini. Hulala chumbani na mtoto wake, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa mkaja, hunywa uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Hapiki, hafui, hachoti maji. Mama yake, shangazi au bibi huhamia pale kumwangalia.

Wataalamu wa afya waliwahi kuibeza mila hii kwa jumla, na hapo walikosea. Mwanamke aliyetoka leba anahitaji kupumzika, kula vizuri, kukaa karibu na mtoto anyonye kila anapotaka, na kutobebeshwa ndoo. Mila inampa vyote hivyo bila kumtoza shilingi. Wanawake wengi wa mijini, wanaorudi jikoni siku ya nne kwa kuwa hakuna wa kuwasaidia, wangeililia arobaini ya Makunduchi. Cha kuangalia ni joto la maji ya kukandia, yasije yakababua ngozi, na kidonda cha upasuaji au mshono ambao haufai kukandwa kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Shirika la Afya Duniani (WHO) likihesabu vifo vitokanavyo na uzazi, huhesabu kuanzia ujauzito hadi siku 42 baada ya mimba kumalizika. Bibi wa Makunduchi anasema arobaini, na WHO inasema arobaini na mbili. Wote wawili wamekubaliana kwamba wiki sita baada ya kujifungua mwanamke bado hajatoka hatarini.

Wanapotofautiana ni kwenye siku zilizo katikati. Kwa bibi, arobaini ni pazia moja: hufungwa siku ya kuzaliwa na kufunguliwa siku ya mwisho. Kwa kliniki, hatari haikugawanywa sawasawa ndani ya siku hizo. Damu inayomuua mama hutoka zaidi katika saa 24 za kwanza. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata ambaye presha yake ilikuwa nzuri siku ya kujifungua, na siku za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi. Homa ya maambukizi ya mfuko wa uzazi huanza taratibu katika siku zinazofuata. Kwa mtoto, vifo vipatavyo robo tatu ya vile vya mwezi wa kwanza hutokea katika wiki ya kwanza ya maisha yake.

Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Ukizipanga tarehe hizo juu ya kalenda ya bibi, tatu kati ya nne zinaangukia nyuma ya pazia.

Mzazi aliyefungiwa hakosi wa kumtazama, ana watu watatu wanaomtazama usiku na mchana. Wasichojua, mara nyingi, ni cha kutazama. Kichwa kinachouma sana huku macho yakiona ukungu huambiwa ni uchovu, na homa huambiwa ni maziwa yanaingia. Mtoto aliyelegea asiyetaka titi huambiwa ni mpole. Hata macho ya njano, ambayo kwa watoto wengi huisha yenyewe, yakitokea siku ile ya kwanza au yakisambaa hadi viganjani na kwenye nyayo, si ya kusubiri. Vivyo hivyo kitovu chenye usaha au wekundu unaotambaa tumboni, mguu mmoja wa mama uliovimba na kuuma, au damu inayolowanisha pedi au kitambaa kizima ndani ya saa moja. Kwa hizi hakuna arobaini, ni gari na hospitali.

Wapo wanaodhani kwamba kumtoa mzazi ndani ni kuvunja amri ya dini. Ni vizuri kutenganisha mambo. Katika fiqhi, arobaini inatajwa kuhusu damu ya nifasi, yaani swala, kufunga na tendo la ndoa, na mwanamke aliyetwaharika mapema huoga akaswali bila kungoja namba itimie. Kumfungia chumbani ni mila. Ni mila nzuri kwa sehemu kubwa, lakini ni mila, na haimzuii mtu kwenda kutibiwa. Hali ni hiyo hata kwa mjane aliye kwenye eda ya miezi minne na siku kumi: haja ya matibabu ni udhuru unaojulikana. Mjane mwenye kisukari anayekatiza kliniki miezi yote hiyo anajiumiza bila sababu.

Siku zinazohesabiwa kwa makumi

Makunduchi yenyewe inajulikana kwa namba nyingine, ile ya mwaka. Kila Julai hapa husherehekewa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jua uitwao pia Nairuzi, ambao asili yake hunasibishwa na Uajemi. Wanaume hupigana kwa mapande ya migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba, na mgeni hana ruhusa ya kukosa chakula. Watalii hupiga picha moto na kurudi hotelini, na wanachokikosa ni hesabu iliyo nyuma yake.

Mwaka huo una siku 365, na wazee waliugawa kwa makumi. Kila siku kumi ni mwongo, na miongo 36 pamoja na siku tano za nyongeza hutimiza mwaka. Siku hizi magazeti yakiandika mwongo yanakusudia miaka kumi, lakini kwa mkulima na nahodha wa zamani ilikuwa siku kumi, na kwa miongo alijua lini apande na lini asitoke baharini.

Mwanamke wa hapa hulazimika kuhesabu pia mwezi, kwa ajili ya mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi hufanyika maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo bahari hukauka kuelekea saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo saa ambayo kliniki ya wajawazito na watoto imechangamka. Mwanamke aliyepewa tarehe inayoangukia bamvua huchagua kati ya mizani ya mtoto na kamba zake za mwani, na si haki kumwita mzembe akichagua mwani. Kumuuliza kama siku hiyo kuna bamvua ni swali la nusu dakika. Tarehe ikisogezwa siku nne au tano, maji yanakuwa mafu na yeye ana nafasi.

Mwani wenyewe huvunwa baada ya wiki sita hivi. Mkulima anayejua kwamba mwani wa wiki sita usipovunwa huweza kukatika na kuchukuliwa na maji hahitaji hotuba kuhusu maana ya wiki ya sita.

Na wiki ya sita ndiyo namba ambayo nyumba na hospitali zimekaribiana mno. Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje. Siku mbili baadaye, siku ya 42, ni chanjo zake za wiki ya sita: polio, ile ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na ugonjwa wa Hib, na zile za kichomi na kuhara. Safari ya kwanza ya mtoto kutoka ndani inaweza kuwa hiyo, akiwa amefukizwa udi na kupakwa wanja kama bibi apendavyo, mradi wanja usiingie machoni. Mama naye apimwe presha na aulizwe analalaje na kama analialia bila sababu. Azungumzie pia uzazi wa mpango, kwa kuwa asiyenyonyesha mwanawe anaweza kupevusha yai hata kabla arobaini haijatimia, na mume aliyekuwa akihesabu siku kimyakimya hatangoja mjadala.

Baada ya hapo kadi inataka wiki ya 10 na ya 14, na miezi ya 9 na 18 kwa surua na rubela. Anayeona wiki zinamchanganya anaweza kumpa kazi bibi anayejua miongo. Wiki ya 10 ni siku 70, miongo saba kamili tangu mtoto azaliwe. Ya 14 ni siku 98, zimebaki mbili kutimia mwongo wa kumi.